Bei ya Kuitwa Yakuti

"Elfu moja na mia nane kwa koti! Koti moja, Ihsan! Mimi nikivisha kochi zima la watu watatu—"

"Si koti, ni sare! Sare ya cheo! Usilinganishe mambo ya—"

"—na mito yake, na misumari yangu mwenyewe, sipati—"

"—mambo ya Yakuti na makochi yako yenye vumbi!"

"Makochi yenye vumbi ndiyo yaliyonunua huo mkate unaotafuna!"

"Basi chukua mkate wako!"

Mkate uliruka. Rihab, binti yao, aliudaka hewani, akauweka mezani karibu na bakuli la maharage.

"Endeleeni," alisema. "Majirani wameshasikia bei. Sasa wanasubiri rangi."

"Damu ya mzee!" Ihsan alisema kwa sauti kubwa, mdomo ukielekea dirishani. "Na wasikie vizuri, wasije wakakosea wakati wa kusengenya!"

"Damu ya mzee kweli," alisema mumewe, Fundi Metwali. "Maana mzee ndiye anayenyonywa."

Akavaa ndara zake, akashuka karakanani. Karakana ilikuwa chini ya nyumba hiyohiyo. Muda si mrefu nyundo ikaanza kulia. Mtaa mzima, kama mitaa mingine ya mji wa Dumyati huko Misri, ulikuwa na nyundo na misumeno, lakini Ihsan aliijua nyundo ya mumewe. Ikipiga polepole, ana kazi. Ikipiga mbiombio, ana hasira. Siku hiyo ilipiga kama mvua.

"Wivu," Ihsan alisema. "Baba yako ana wivu."

"Na koti?" Rihab aliuliza.

"Na cheo, mwanangu. Na cheo."

Mambo yalianza mwaka uliopita. Ihsan, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hisham kwa jina la mwanawe wa kwanza, alijiunga na Kampuni. Kampuni ilikuwa na jina lake, lakini Ihsan aliiita hivyo tu, kana kwamba duniani ipo moja. Iliuza dawa ya meno, sabuni ya vyombo, krimu ya uso, na chai ya kupunguza tumbo. Bidhaa hizo hazikupatikana dukani. Ulizinunua kwa mtu, na mtu huyo alikuandikisha ili na wewe uwauzie wengine.

Ukiuza na kuandikisha watu, unapanda. Kwanza unaitwa Lulu. Halafu Yakuti. Halafu Zumaridi. Juu kabisa kuna Almasi. Ihsan alipanda mbio. Kwanza Mama Wael wa ghorofa ya chini alinunua. Mama Atef wa nyumba ya pili alinunua. Mke wa mwokaji alinunua, na dada zake, na mashemeji zake. Kabla ya Ramadhani, Mama Hisham alikuwa Yakuti. Alipewa kijipini chekundu cha kuvaa kifuani. Na sasa kulikuwa na sherehe kubwa hotelini Kairo, ya kuwavisha Yakuti wote makoti.

Lakini tangu apate kijipini, mtaa ulikuwa umebadilika.

Mama Wael, aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi kutoka chini, sasa akisikia mlango wa Ihsan unafunguliwa, wake unafungwa. Mama Atef alivuka barabara akimwona. Mke wa mwokaji alimpa mkate bila kumtazama usoni, kama anayemlipa mtoza kodi.

Ihsan hakuwa mjinga. Alijua hiyo ni nini. Lilikuwa jicho. Wamemwonea kijicho.

Basi akachoma ubani asubuhi na jioni. Akatundika shanga ya buluu mlangoni. Akatundika nyingine dirishani, upande wa Mama Wael. Ya tatu akaishonea ndani ya fulana ya mumewe bila kumwambia, na Metwali akashinda kutwa akijikuna mgongo, akidhani ana upele.

Moshi wa ubani ulijaa mpaka Rihab akakohoa.

"Mama, watu wanaweza kununa bila jicho."

"Wananunia nini? Nimewakosea nini? Nimewaletea dawa ya meno mlangoni!"

Rihab alikuwa anaolewa baada ya Idi Kubwa. Mchumba wake alishaleta kitanda na kabati. Upande wa bibi arusi ulitakiwa kuleta friji na mashine ya kufulia, na bila hivyo viwili nyumba haifunguliwi. Mama wa bwana arusi alikuwa tayari ameuliza mara mbili, kwa tabasamu, friji ni ya milango mingapi.

Fedha za friji na mashine zilikuwepo. Metwali alizikusanya na kumkabidhi mkewe. Alichokuwa hajui Metwali, wala Rihab, ni kwamba fedha hizo hazikuwepo tena. Zilikuwa chini ya kitanda cha Rihab, zimegeuka makopo.

Ihsan hakuwa na hofu. Alikuwa na hesabu yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakukosa harusi hata moja mtaani. Kila harusi alitoa tunzo. Unamsogelea mama wa harusi, unambusu, unampa fedha mkononi mbele ya watu. Hakuna anayeandika na hakuna anayesahau. Siku yako ikifika, kila uliyempa anakurudishia, na akiwa muungwana anaongeza kidogo. Mia mbili ya huyu, mia tano ya yule. Siku ya hina ya Rihab, tunzo zote hizo zingerudi kwa mpigo. Friji ingenunuliwa na mashine ingenunuliwa, wala Metwali asingejua lolote.

Siku ya pili alishuka kwa Mama Wael kumwalika rasmi.

Mama Wael alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, anachambua majani ya mboga ya mulukhiya. Safari hii hakuwahi kufunga mlango. Alikuwa mnene, na kuinuka kulimchukua muda.

"Karibu, Mama Hisham," alisema. Macho yake yalikwenda kwenye mikono ya Ihsan. "Umekuja na mfuko?"

"Sina mfuko. Nimekuja kukualika. Hina ya Rihab, Alhamisi ya kwanza baada ya Idi."

Uso wa Mama Wael ulifunguka wote. "Alaa! Si useme! Kaa, kaa! Mungu atimize! Nitapiga vigelegele mpaka bandarini wasikie."

"Vigelegele tu?" Ihsan alitania. "Friji ya Rihab inakutazama wewe, mwenzangu."

Mama Wael akaacha kuchambua.

"Friji inanitazama mimi? Kwani mimi na wewe hatujamalizana?"

"Tumemalizana nini?"

"Harusi ya Wael ulinitunza mia tano. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Baada ya hapo ukaja na makopo mawili ya chai. Nikakupa mia tano. Sikukupa?"

"Ile ilikuwa biashara!"

"Biashara?" Mama Wael alijishika tumbo kwa mikono miwili. "Nitazame, Ihsan. Mimi ni kochi la mumeo lenye miguu, na namshukuru Mungu. Chai ya tumbo niifanyie nini? Nilisema, maskini, Mama Hisham amebanwa. Anataka tunzo yake mapema, na anaona haya kuidai. Kaja na makopo asije akaonekana anaomba. Nikasitiri aibu yako, nikalipa. Chai yenyewe nimempa bata."

"Bata!"

"Na hakupungua."

Ihsan hakucheka. "Na wengine?"

"Wote tumesema hivyohivyo. Unadhani Mama Atef amenunua krimu ya uso kwa sababu gani? Hana hata kioo. Tukalipa, tukasema basi, yamekwisha. Lakini mwenzangu, ukaja tena! Ukaja na sabuni. Ukaja na dawa ya meno. Tukaanza kuogopa hodi yako. Mtu umeshamlipa, anarudi kudai!"

Ihsan alitoka pale bila kuaga. Hapana, wamekula njama. Wamekaa, wamepanga kumdhulumu. Alikwenda moja kwa moja kwa mke wa mwokaji.

"Hivi wewe," alimuuliza mbele ya watu, "ile dawa ya meno uliyonunua kwangu, ilikuwaje?"

"Ya moto kidogo," mke wa mwokaji alijibu kwa woga. "Lakini dada, si nilishakurudishia tunzo yako yote? Au ilibaki?"

Njiani kurudi, Ihsan alianza kuamini. Watu wote hawawezi kupanga uongo mmoja kwa ufasaha namna hiyo.

Kutoka juu, kikapu kilishushwa kwa kamba mpaka usoni pake. Kilikuwa kikapu cha Dada Firyal wa ghorofa ya nne, anachoshushia fedha kwa muuza mboga. Ndani yake hamkuwa na fedha. Ihsan akainua kichwa. Firyal alikuwa ameegemea roshani, anatafuna mbegu za alizeti.

"Usiingie humo, kamba haikuwezi," Firyal alisema. "Panda kwa ngazi. Una uso wa mtu aliyeibiwa."

Ihsan hakumpenda Firyal. Alikuwa mhasibu wa benki, sasa amestaafu. Ndiye mtu pekee nyumbani humo ambaye hakununua hata kopo moja. Kama kuna mwenye jicho, Ihsan aliwahi kusema, ni yule wa juu, anatuona sote kutoka kule. Lakini siku hiyo hakuwa na mlango mwingine wa kugonga. Alipanda.

Firyal alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwaga mbegu za alizeti mezani.

"Nieleze cheo chako. Ili ubaki Yakuti, unatakiwa ufanye nini?"

"Mimi na watu wangu tununue bidhaa za pauni elfu kumi."

"Mara moja?"

"Kila mwezi."

Firyal alihesabu mbegu kumi, akazipanga. "Mwezi uliopita watu wako walinunua za ngapi?"

"Elfu nne. Wameregea. Wivu umewa—"

"Achana na wivu. Hizi hapa nne." Akazisogeza pembeni. "Na hizi sita?"

Ihsan alitazama dirishani. "Nilijazia."

"Kwa nini?"

"Usipofikisha unashushwa. Wanalitoa jina lako kwenye ile picha ya wenye vyeo wanayoituma kwenye simu."

"Na Kampuni ikakupa nini?"

"Posho ya cheo. Elfu moja na mia tano. Unaona? Wananilipa!"

Firyal alichukua mbegu moja, akaimenya, akaila. Akachukua ya pili, akaing'ata nusu. "Hiyo ndiyo posho yako. Umetoa sita, umerudishiwa moja na nusu. Nani anamlipa nani?"

"Lakini bidhaa ninazo! Zina thamani!"

"Zimeuzwa?"

"Zipo chini ya kitanda cha Rihab."

"Basi Rihab analalia mtaji. Haya, hiyo sherehe ya Kairo. Umealikwa?"

"Nimealikwa. Mbele kabisa!"

"Bure?"

Ihsan alianza kupunguza sauti. Kiti cha mbele kinalipiwa. Chumba cha hoteli kinalipiwa. Koti linalipiwa. Kuna mchango wa zawadi ya kiongozi. Kuna picha kubwa ya ukutani, nayo ni ya kulipia, na keki yenye jina.

"Ni mwaliko gani huo," Firyal aliuliza, "ambao mgeni ananunua kiti, chakula, nguo, na makofi?"

"Dada, usinikejeli."

"Sikukejeli. Nakuonyesha pa kutazama. Kabla hujafurahia cheo, uliza vitu hivi. Kukibakiza kunagharimu kiasi gani kwa mwezi? Fedha inayoingia inatoka kwa wateja wa kweli, watu wanaoitaka ile sabuni, au inatoka mifukoni mwetu sisi tunaotafuta vyeo? Na bidhaa isipouzwa, wanaipokea tena? Anayefanya biashara safi atakujibu papo hapo. Anayekuficha ataanza kukusifia."

Ihsan alizitazama mbegu. Firyal alikuwa ameendelea kuzila, na nyingi zilikuwa maganda sasa.

"Na hapo sijataja gharama kubwa kuliko zote," Firyal alisema polepole. "Hiyo haimo kwenye hesabu zao. Wao waliona una watu wengi, wakakwambia una timu. Hukuwa na timu, Mama Hisham. Ulikuwa na wageni wa harusi. Miaka yote ile ya kutunza watoto wa wenzako, umeibadilisha kwa kijipini. Kampuni imekula harusi ya binti yako kabla hujaipika."

Hapo Ihsan akalia. Alilia kwa hasira, huku akijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Unajua kilichonipata?" alisema. "Siku ile ya kuwa Lulu, waliniita jukwaani. Hawakusema Mama Hisham. Walisema Ihsan Abdelmuti. Jina langu, la baba yangu! Ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi. Nimepika, nimefua, nimezaa, nimeuguza mama mkwe mpaka amekufa. Nani amewahi kunipigia makofi?"

Firyal akazisukuma mbegu pembeni. Alimmiminia chai, akatia sukari nyingi.

"Makofi ulistahili," alisema baadaye. "Ila uliuziwa."

Jioni hiyo Ihsan alimwambia Metwali kila kitu. Alimwambia pia kuhusu fedha za friji na mashine. Rihab alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Metwali alisimama. Akashuka karakanani. Wote wawili wakasikiliza. Nyundo haikulia kabisa. Hilo lilikuwa baya kuliko mvua.

Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mpigie huyo kiongozi wako," alisema. "Mpigie tumsikie wote. Nimekuwa nikikushuku wewe. Sasa nataka nimshuku anayestahili kushukiwa."

Kiongozi alikuwa Madamu Ruwaida, wa cheo cha Almasi, mkazi wa mji wa Mansura. Firyal aliitwa ashuke. Simu ikawekwa mezani, sauti imefunguliwa.

"Yakuti wangu!" sauti ilimwagika kama asali. "Kipenzi! Koti umeshaagiza?"

"Bado, Madamu. Nina maswali matatu."

"Uliza, roho yangu."

"Nikijumlisha ninachojazia kila mwezi, na safari, na makoti, Yakuti anabakiwa na kiasi gani mkononi?"

"Ihsan, wewe ni jua. Jua haliulizi mafuta yanatoka wapi."

Firyal akainua kidole kimoja hewani. Sifa ya kwanza.

"La pili. Katika watu wako wote, wangapi wananunua bila kutafuta cheo? Wanaotaka sabuni tu?"

"Mwanamke mwenye nguvu kama wewe! Maswali haya ni ya watu wadogo. Nani yuko hapo karibu nawe? Jihadhari na wenye roho ndogo, hata wakiwa nyumbani mwako."

Metwali akaivuta simu. "Mwenye roho ndogo anakusikia, Madamu. Anakusalimia."

Ihsan akamnyang'anya. "La tatu. Bidhaa nilizonazo, Kampuni inazichukua?"

"Viongozi hawarudishi, kipenzi. Viongozi wanapanda. Ukirudisha, utashuka, na jina litatoka. Unataka kushuka wiki chache kabla ya Kairo?"

Swali la nne halikuwa kwenye mpango. Lilimtoka tu Ihsan.

"Na wewe, Madamu? Wewe Almasi. Ukiacha kununua mwezi mmoja tu, inakuwaje?"

Walisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na mtu akihema.

"Mtandao unasumbua," Madamu Ruwaida alisema, na simu ikakatika.

"Mtandao umesumbua kwenye swali moja tu," Rihab alisema. "Ajabu."

Koti halikuagizwa. Kesho yake Ihsan na Firyal walikaa na karatasi ya masharti, ile yenye herufi ndogo ambayo Ihsan aliitia sahihi bila kuisoma. Ilisema bidhaa zisizofunguliwa zinarudishwa ndani ya siku thelathini. Madamu hakulitaja hilo. Boksi la mwisho lilikuwa bado halijafunguliwa. Ihsan alilirudisha, akadai risiti, akafuatilia mpaka fedha ikaingia, pungufu kidogo kwa ajili ya usafirishaji. Maboksi ya zamani yalikuwa yameshapitwa na muda. Hayo yalikuwa hasara yake.

Cheo kilianguka mwezi huohuo. Jina likatoka kwenye picha. Ihsan aliliangalia lile pengo kwenye simu kwa muda, halafu akaenda kuosha vyombo.

Sabuni ya vyombo, kusema kweli, ilikuwa nzuri. Ilitoa gundi mikononi vizuri kuliko petroli. Metwali aliligundua hilo kwa bahati, na mafundi wa karakana za jirani wakaanza kuja na chupa zao. Ihsan aliwapimia kwa bei ndogo. Hakumwandikisha mtu. Anayetaka sabuni anapewa sabuni, analipa, anakwenda zake. Chai ya tumbo haikupata mnunuzi.

Kazi ngumu ilikuwa ya milango. Ihsan alipita kwa kila jirani, mikono mitupu, na safari hii alianza kwa kuionyesha hiyo mikono.

"Sikuja kudai wala kuuza," alimwambia Mama Wael. "Nimekuja kusema nimekosea. Nilikuja kwako kama jirani, kumbe nilikuwa duka. Ulidhani unanirudishia heshima, kumbe ulikuwa unanijazia cheo. Makopo yako kama hujafungua, nipe, nitakulipa kidogo kidogo."

"Makopo yangu yapo ndani ya bata."

"Basi deni hilo ni langu."

Mama Wael alimtazama kwa jicho la kushuku. Akamzunguka, kama anayetafuta mfuko nyuma ya mgongo wake. Hakuuona. Akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Sikiliza," alisema. "Chai ilikuwa chai. Tunzo ni tunzo. Nitakuja."

Wengi walisema kama yeye. Wachache walirudisha makopo na kutaka fedha zao, na Ihsan aliwalipa polepole. Mama Atef alikataa. Alisema wamemalizana, na ameshikilia hapohapo mpaka leo. Ihsan hakumlaumu.

Siku ya hina, ngazi zilijaa watu mpaka ghorofa ya nne. Mama Wael alipiga vigelegele kama alivyoahidi. Tunzo zilizokusanywa hazikufikia hesabu ya zamani ya Ihsan. Zilitosha mashine ya kufulia. Kwa friji, Metwali aliuza seti ya viti aliyokuwa akijiwekea, wakanunua ndogo, ya mlango mmoja. Mama wa bwana arusi aliitazama kwa tabasamu lake.

"Mlango mmoja?" aliuliza.

"Ndiyo," Rihab alijibu. "Tukiwa na njaa tutapokezana."

Bwana arusi akacheka, na mama yake akalazimika kucheka naye.

Nyumbani, Metwali alikuwa na tabia mpya. Kila akimaliza kula, alisimama wima na kupiga makofi. "Ihsan Abdelmuti!" alitangaza. "Malkia wa bamia!" Ihsan alimrushia ndara kila mara. Hakumwambia aache.

Asubuhi baada ya harusi, Ihsan na Mama Wael walikuwa jikoni. Mama wa bibi arusi haendi mikono mitupu kwa maharusi siku hiyo. Walikuwa wamechoma bata aliyejazwa vitunguu, na njiwa, na wali. Metwali alikuwa anafunga sinia kwa kitambaa. Mlango ukagongwa.

Alisimama mwanamke mwembamba aliyevaa koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu. Kijipini cha almasi kilikuwa kifuani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la njia nzima.

"Madamu Ruwaida," Ihsan alisema.

Metwali alisogea mlangoni, akajaza nafasi yote. Mama Wael akalifunika sinia haraka.

"Asije akamwandikisha na bata," alinong'ona.

"Umekuja na nini?" Metwali aliuliza.

"Sikuja na kitu." Sauti haikuwa na asali. "Nimekuja kwa gari la abiria."

"Gari lako lile kubwa la kwenye picha liko wapi?"

"Lilikuwa la kukodi. Kwa ajili ya cheo."

Hakuna aliyemkaribisha ndani. Hakuna aliyemfukuza. Ihsan alifuta mikono kwenye aproni, polepole, akimpima kutoka kichwani mpaka kwenye vumbi.

"Kama ni kurudi kwenye Kampuni, Madamu, pale siendi."

"Si hilo," Ruwaida alisema. "Niliona picha za hina yenu. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Nilizitazama usiku kucha. Binti yangu Nermin anaolewa mwezi ujao, na nimekaa nikiwaza nimwalike nani. Kila ninayemkumbuka, nimeshamuuzia. Kila ninayempigia, hapokei."

Aliwatazama mmoja mmoja, Metwali, Mama Wael na sinia lake, halafu Ihsan.

"Mama Hisham, naomba mje. Wewe na majirani zako wote. Tunzo msilete. Mje tu, mkae kwenye viti."